Mashine Moja kwa Mtaa Mzima

Hesabu inayozunguka kwenye makundi ya wafugaji siku hizi ni tamu. Mayai 60, siku 21, vifaranga 60. Zidisha kwa bei ya kifaranga sokoni, kisha zidisha tena mara 17 kwa kuwa mwaka una siku 365 na mashine hailali, na ifikapo Desemba mtu kashapaua nyumba. Ukifuatilia nani kaanza kuisambaza, mara nyingi utamkuta muuza mashine. Simlaumu, mwenye duka husifia chake. Ninaowashangaa ni sisi wanunuzi, tulioamini kwamba kila kaya yenye matetea kumi inastahili kuwa na kiwanda chake cha vifaranga chumbani.

Nasema hivi: mashine ndogo ya kutotolesha ni kitu cha maana, ila tunaiweka mahali pasipo pake. Iwe kwa mtu mmoja katika mtaa au kijiji, aliyeijua kazi, anayewatotoleshea majirani mayai yao na kulipwa kwa kila kifaranga hai anayemkabidhi mwenye mayai. Sisi wengine tubaki kuwa wafugaji, kazi ambayo nayo bado hatujaiweza sawasawa.

Kwanza niitendee haki mashine yenyewe. Kuku wa kienyeji hutaga mayai 12 hadi 15, akaanza kulalia. Siku 21 yuko kiotani, anatoka mara moja kwa siku kula na kunywa. Vifaranga wakishaanguliwa huzunguka nao miezi miwili au mitatu, akiwachakuria na kupigana na mwewe. Muda wote huo hatagi. Ndiyo maana kwa mwaka mzima humaliza mizunguko mitatu hivi, na mayai yake hayavuki sana 50. Ukimwondolea mayai asilalie, baada ya wiki chache anarudi kutaga. Basi faida kubwa ya mashine ni muda wa kuku. Kuku yuleyule, banda lilelile, mayai yanaongezeka kwa sababu tu hakupewa likizo ya uzazi.

Hii ni faida ya kweli, na inashangaza kwamba wauzaji hawaitaji. Labda ni kwa sababu ukishaielewa utaona na jambo la pili: kuku hajali mashine iko nyumba gani. Mayai yake yakipelekwa kwa jirani wa nyumba ya tano, yeye anarudi kutaga vilevile.

Sasa turudi kwenye zile hesabu. Chukua mayai 100 yaliyokusanywa vizuri, yaani kwenye banda lenye jogoo mmoja kwa matetea kumi, hakuna yai lililokaa zaidi ya wiki moja, hakuna lililooshwa wala lenye ufa. Tuseme 85 yana mbegu. Katika hayo, fundi mzuri akitoa vifaranga 80 kwa kila mia amefanya kazi ya kujivunia. Unabaki na vifaranga 68. Hiyo ni siku njema, kwa mtu anayejua. Mgeni wa kazi, mwenye mayai aliyoyaokota sokoni bila kujua kama kulikuwa na jogoo, akipata nusu ya hapo ashukuru.

Vifaranga wanapotea wapi? Watu husema umeme, na umeme kweli ni sehemu yake. Tangu Bwawa la Nyerere lianze kuzalisha mwaka 2024 mgao umepungua, lakini nguzo bado zinaanguka na transfoma bado zinaungua. Hata hivyo, yai linavumilia baridi kuliko watu wanavyodhani. Umeme ukikatika saa mbili au tatu, ukafunika mashine kwa blanketi na ukajizuia kufungua mlango kuchungulia, vifaranga wengi watapona. Watachelewa kidogo tu. Joto la kuzidi ndilo muuaji. Nyuzi 37.5 kwenye mashine yenye feni ndipo mahali pake. Ikipanda ikafika 40 na kukaa hapo saa chache, umeanza kuzika. Na kuna kitu wageni hawakijui: kuanzia katikati ya safari yai lenyewe linatoa joto, kwa sababu ndani mna kiumbe anayepumua. Kisanduku kilichojaa mayai ya wiki ya tatu hakihitaji joto lile lile lililohitajika siku ya kwanza.

Kipimajoto kinachodanganya kwa nyuzi moja tu kinatosha kuharibu kila kitu. Kikisoma juu kuliko hali halisi, mayai yako yapo kwenye baridi. Vifaranga watachelewa hadi siku ya 22 au 23, wakitoka ni wazito wa miguu. Kikisoma chini, wanatoka mapema na vitovu havijafunga, na kitovu kilicho wazi ni mlango wa vijidudu. Vile visanduku vya bei nafuu huja na kipimajoto kimoja cha kubandika. Fundi wa kweli ana viwili au vitatu na hakiamini hata kimoja mpaka avilinganishe.

Kisha kuna unyevu, na hapa ndipo jiografia ya nchi hii inapomshinda mtu anayefuata karatasi ya maelekezo iliyotafsiriwa kutoka Kichina. Yai linalokwenda vizuri hupoteza maji polepole kupitia vitundu vya ganda, hadi siku ya 18 likawa limepungua kama asilimia 12 au 13 ya uzito wake. Nafasi inayoachwa na maji hayo ndiyo chumba cha hewa upande mnene wa yai, na humo kifaranga huvuta pumzi yake ya kwanza kabla hajatoboa ganda. Tanga au Dar es Salaam wakati wa masika hewa yenyewe imeloa. Ukijaza maji kwenye beseni la mashine kama karatasi inavyosema, yai halipungui, chumba cha hewa kinabaki kidogo, na kifaranga mnene mwenye majimaji anafia humo humo akiwa kamili, manyoya na kila kitu. Dodoma mwezi wa Septemba ni kinyume chake. Hewa kavu inakausha ule utando wa ndani, unamnata kifaranga mwilini, na baada ya kutoboa tundu dogo hawezi tena kujizungusha. Mashine ni ile ile na karatasi ni ile ile. Anayejua tofauti ni mtu aliyetotolesha hapo hapo, misimu yote, akavunja mayai yaliyokataa na kutazama ndani kilichotokea.

Kuvunja yale mayai yaliyobaki, kwa maoni yangu, ndiyo shule yenyewe, na ndiyo watu wengi hawataki kuihudhuria kwa sababu ya harufu. Yai lisilo na kitu ndani ni suala la jogoo au la yai kukaa siku nyingi. Duara la damu la siku za mwanzo linakuambia mayai yalihifadhiwa vibaya au joto liliyumba wiki ya kwanza. Kifaranga aliyekamilika na kufa bila kutoboa anakupeleka kwenye unyevu, au kwenye mlango uliofunguliwa siku ya 19 ili watoto waone. Anayetotolesha kila wiki hujifunza haya ndani ya mwaka mmoja. Anayetotolesha mara moja kila miezi mitatu, kwa mayai 60, atakuwa mgeni wa kazi hiyo mpaka mashine inaota kutu.

Gharama nayo inasema hivyo hivyo. Sanduku la fundi seremala lenye taa moja ya wati 60, ile taa ya zamani inayotoa joto, ikiwaka usiku na mchana siku 21 inakula uniti 30 za LUKU. Ikitoka na vifaranga 20, kila mmoja amekunywa uniti moja na nusu kabla hajala punje. (Na hizo taa zenyewe zinazidi kuadimika madukani, hizi za kisasa zinaangaza bila kupasha, nzuri kwa sebule, hazilifai yai.) Mwenye mashine ya mayai mia kadhaa anaweza kununua betri na inveta, akagawa gharama hiyo kwa mayai yote. Mwenye mayai 60 hawezi, kwa hiyo umeme ukikatika anabaki na blanketi na dua.

Wazo la kuwa na mtotoleshaji mmoja wa wengi lina umri mkubwa kuliko umeme. Wamisri walitotolesha mayai bila kuku zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Aristotle aliandika kwamba huko mayai yaliachwa yaanguliwe kwa joto la samadi. Baadaye wakajenga matanuri ya matofali ya udongo, ujia katikati na vyumba pande zote mbili, mayai yamelala chini, samadi kavu na makapi vikiungua taratibu juu yake. Kipimajoto hakuna. Fundi alichukua yai akaligusisha kwenye kope la jicho, ngozi nyembamba kuliko zote, akajua kama apunguze moto au aongeze. Mfaransa mmoja mwanasayansi, Réaumur, aliyechapisha kitabu chake juu ya utotoleshaji mwaka 1749, alieleza kwamba ujuzi huo ulishikwa na watu wa kijiji kimoja cha Delta ya Nile kiitwacho Berma, baba akimrithisha mwana, na kwamba walikwenda kuendesha matanuri katika sehemu nyingine za nchi.

Kilichonivutia zaidi katika maelezo yake ni mkataba. Mwendesha tanuri akikabidhiwa mayai 45,000 alidaiwa vifaranga 30,000. Theluthi mbili. Waliozidi walikuwa faida yake, na waliopungua vilevile walikuwa juu yake. Sasa rudi kwenye mayai yangu 100 na vifaranga 68. Wale mafundi wa Berma wasiojua nyuzi wala asilimia walikubali kuwajibika kwa kiwango ambacho leo, pamoja na feni na vitambuzi vyetu, tunakiita kazi nzuri.

Watotoleshaji ninaowajua mimi hutoza kwa yai. Unaleta mayai 100, unalipia mayai 100, unarudi baada ya wiki tatu kuambiwa wametoka 31, "mayai yako yalikuwa viza, mama." Huenda ni kweli, huenda usiku ule alilala. Hakuna atakayejua, na yeye kashalipwa. Malipo ya namna hiyo yanawafukuza watu kwake na kuwapeleka kwenye duka la mashine, maana mtu aliyepunjwa mara mbili huona afadhali apunjwe nyumbani kwake.

Tubadilishe malipo. Siku ya saba mayai yanamulikwa, mwenye mayai akiwepo. Chumbani giza, tochi ya simu upande mnene wa yai: lenye uhai linaonyesha doa jeusi na mishipa ya damu, lisilo na kitu linang'aa tupu. Matupu yanaondolewa na kurudishwa kwa mwenyewe. Hilo ni deni la jogoo wake, fundi hahusiki. Yaliyobaki ni dhamana ya fundi. Wakikubaliana kwamba atalipwa kwa kila kifaranga mzima, kwa bei ya juu kidogo kuliko ile ya yai, basi fundi atakuwa na sababu ya kuamka saa nane usiku kutazama kipimajoto. Atakuwa pia na sababu ya kukataa mayai machafu mlangoni, jambo ambalo leo hana haja nalo.

Na kukataa huko kuna uzito kuliko kunavyoonekana. Homa ya matumbo ya kuku na ule ugonjwa wa kuhara nyeupe wa vifaranga hupita ndani ya yai, kutoka kwa mama mgonjwa anayeonekana mzima. Kifaranga mmoja akitotolewa na vijidudu hivyo, feni ya mashine inavisambaza kwa wenzake wote pamoja na lile vumbi la manyoya. Najua mtu atasema hapa ndipo hoja yangu inapojivunja: kukusanya mayai ya nyumba 30 kwenye mashine moja ni kukusanya magonjwa ya nyumba 30. Hatari hiyo ipo, na ndiyo maana sitaki mtotoleshaji awe yeyote mwenye sanduku na soketi. Awe mtu anayejulikana na afisa mifugo wa kata, anayeosha mashine yake kwa dawa kila baada ya kutoa vifaranga, anayejua mabanda ya wateja wake na kumwambia fulani kwamba mayai yake hayapokelewi mpaka kuku wapimwe. Kwa kila kaya na mashine yake, magonjwa hayo hayapungui. Yanauzwa tu rejareja, kwenye maboksi, stendi ya basi, bila mtu wa kuulizwa.

Zaidi ya hapo kuna chanjo. Chupa ya chanjo ya kuku hutengenezwa kwa ajili ya mamia ya kuku, nyingine 1,000, na ikishachanganywa itumike ndani ya saa chache au imwagwe. Mwenye vifaranga 25 afanye nini na chupa hiyo? Hachanji. Miezi miwili baadaye mdondo unapita na kufagia banda, naye anasema kuku wana mkosi. Chanjo ya mahepe ndiyo mbaya zaidi kwa mfugaji mdogo, kwa sababu mahali pake ni siku ya kwanza ya kifaranga, pale pale anapototolewa. Vifaranga 400 wa wateja 15 wakitoka siku moja kwa fundi mmoja, chupa moja inagawanywa na kila mtu anachangia sarafu. Sijaona hoja nyingine inayonishawishi kuliko hii.

Mbegu nayo tusiisahau. Watu wananunua Kuroiler na Sasso, wanawapenda kwa uzito na mayai, halafu wanakusanya mayai ya kuku hao hao, wanatotolesha na kuuza vifaranga kwa jina lile lile. Hao ni chotara waliotengenezwa kwa kuchanganya koo tofauti, na watoto wao hawafanani na wazazi: mmoja mkubwa, mmoja mdogo, mmoja anataga, mwingine anakula tu. Mashine ya nyumbani imeurahisisha mno udanganyifu huu, mara nyingi bila muuzaji mwenyewe kujua kwamba anadanganya. Njaa ya vifaranga wa haraka si jambo la kuchezea. Wakenya wanakumbuka wimbi la kware la mwaka 2013 na 2014, watu wakikimbilia mashine na mayai kana kwamba walaji wasingekwisha, kisha bei ikaporomoka. Sisi Oktoba 2017 tulishuhudia Namanga vifaranga 6,400 waliovushwa kutoka Kenya wakiteketezwa kwa moto, na mabishano yake yakapanda hadi ngazi ya serikali mbili. Mtu havushi maboksi ya vifaranga mpakani kama nyumbani wapo wa kuaminika.

Majirani nao wana wasiwasi wao, na wana haki. Wa kwanza ni kubadilishiwa mayai. Mwenye Kuchi wake wa kurithi hatavumilia kurudishiwa vifaranga wa jogoo asiyemjua. Dawa yake ni penseli: jina na tarehe juu ya ganda, kwa penseli kwa sababu wino unapenya, na siku tatu za mwisho kila mteja na kikapu chake cha waya ndani ya mashine. Wa pili ni fundi kujigeuza sultani wa mtaa na kupandisha bei. Hapo mashine ya pili mtaa wa jirani inatosha kumrudisha duniani.

Wa tatu niliambiwa na mama mmoja wa Kibaigwa, na sikuwa nimeuwaza. Kwao kuku ni wa mama. Baba ana ng'ombe na mashamba. Siku baba alipoleta mashine na kuichomeka, kuku wakageuka "mradi", daftari likaanzishwa, na pesa ya mayai ikahamia mfuko mwingine. Akipeleka mayai kwa mtotoleshaji, aliniambia, kuku wanabaki kuwa wake.

Pesa iliyookolewa kwa kutonunua mashine ina kazi nyingi za kufanya. Mwana wa kuku hafunzwi kuchakura, ni kweli, ila wa mashine hana bawa la kujificha chini yake usiku. Wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha lipungue kidogo kila wiki, pamoja na chakula cha vifaranga chenye protini na maji asiyoweza kuzama ndani yake. Vifaranga wengi wanaohesabiwa kwa furaha siku ya 21 hawafiki siku ya 42, kwa sababu pesa iliishia kwenye mashine na bruda, yaani makao yao ya joto, ikawa boksi la sabuni lenye taa. Mwenye kuku aliyetotoa siku hiyo hiyo anaweza kumwongezea wachache usiku, gizani, chini ya mbawa. Asubuhi atawaona wote ni wake. Hilo halina gharama.

Kuhusu mashine ambazo tayari zimenunuliwa na sasa zimekaa uvunguni, zipo nyingi kuliko wenye nazo wanavyokubali kusema, sishauri ziuzwe kwa hasara. Mtotoleshaji mzuri hahitaji mashine moja kubwa tu. Anahitaji nyingine ndogo pembeni, ya siku tatu za mwisho, yenye unyevu wa juu na isiyogeuza mayai, ili vumbi la manyoya na maganda yasichafue mayai ya wiki ya kwanza yaliyobaki kwenye mashine kubwa. Mashine ya mayai 60 ndiyo saizi yake hasa kwa kundi la mteja mmoja. Mpelekee mkataba: yeye anaitumia, wewe mayai yako yanatotoleshwa bure mpaka mlipane. Na akikuuliza kama kipimajoto chake kinasoma sawasawa, mwambie hujui, akipime mwenyewe.